Melkiadi Lyamba na Moshi wa Septemba

Jumatatu, tarehe 14 Septemba 1998. Asubuhi haikuwa na upepo. Jua lilionekana saa mbili kasoro robo, jekundu na butu kama chungu kilichotoka motoni, na mtu aliweza kulitazama bila kufumba jicho. Vilima vya upande wa Sibwesa havikuonekana kabisa. Jana yake ndege ndogo ilikuwa imesikika ikizunguka juu ya Mpanda mjini mara tatu, ikitafuta uwanja, kisha ikaondoka na ngurumo yake bila kutua. Sokoni Kashaulili watu walicheka, wakasema rubani ameogopa bei ya nyanya.

Malale hakuwa na hamu ya kucheka. Alisimama mlangoni mwa zizi lake, nje kidogo ya Kabungu, macho yakimwasha, akimsikiliza mkewe Doto akifunga vyombo ndani ya nyumba. Sufuria iligonga sufuria. Doto hakuwa ameambiwa afunge. Alikuwa amekwisha kufukuzwa mahali pamoja kabla ya hapa, na aliijua sauti ya kijiji kinapojiandaa kufukuza.

Jumamosi mchana moto uliingia katika pori la mizinga ya nyuki, lile pori la miyombo linaloanzia ng'ambo ya kijito na kupanda hadi mwinuko wa mawe. Uliwaka hadi Jumapili jioni. Hakufa mtu, lakini mizinga sabini na mmoja ya watu sita iliungua juu ya miti, mingi ikiwa na asali ambayo ingerinwa mwezi uliofuata. Kabla majivu hayajapoa jibu lilikuwa limekwisha patikana: ni Wasukuma. Wanachoma nyasi ili ng'ombe wao wapate majani machanga, nani asiyejua? Na Wasukuma wenye ng'ombe upande ule walikuwa nyumba moja tu, nyumba ya Malale. Mwenyekiti wa kijiji, Evarist, aliitisha mkutano Jumatano saa nne. Neno la kuzungumzwa lilikuwa moja, Malale ahame na mifugo yake.

Kuhama Septemba ni kuhesabu mizoga njiani. Maji yalikuwa yamebaki kwenye madimbwi machache, na njia ya kurudi kaskazini ilikuwa vumbi tupu. Malale alikuwa amefika Kabungu mwaka 1993 akitokea Meatu, akitembea na ng'ombe miezi minne, na ndama kumi na mmoja aliwaacha barabarani.

Lakini si hilo tu lililomnyima usingizi. Mwezi wa saba alikuwa amechoma nyasi kweli. Kipande kidogo tu, kwenye mbuga iliyo chini ya kijito, jioni moja isiyo na upepo. Hakumwambia mtu, hata Doto. Na sasa aliposikia watu wakisema ni yeye, hakuwa na uhakika kwamba wanamsingizia.

Saa mbili na nusu alimwona mtu akija kwa miguu, mrefu, mwembamba, amevaa katambuga, viatu vya tairi, na koti la kijeshi lililopauka, shoka dogo likining'inia begani. Alikuwa Melkiadi Lyamba, na katika ile mizinga sabini na mmoja, ishirini na mitatu ilikuwa yake.

"Mwangaluka," alisema Melkiadi, akiitamka salamu ya Kisukuma vibaya kama kawaida yake.

"Mwangaluka, mzee. Karibu."

"Sikai. Vaa viatu tutembee."

"Tuende wapi?"

"Tukaulize moto ulitoka wapi. Keshokutwa watu watapiga kelele, na mimi sipendi kelele isiyokuwa na mahali pa kusimama."

Malale alitazama shoka, akatazama mikono ya mwenye shoka. Akavaa viatu.

Ni vizuri kusema hapa Melkiadi alikuwa mtu wa namna gani, kwa maana kwa sura hakuwa mtu wa kugeuza shingo za watu. Alizaliwa Kabungu mwaka 1947, Mkonongo kwa kabila, mtoto wa tatu wa mrina asali. Alisoma hadi darasa la nne. Alifanya kazi miaka miwili ya kukata magogo, akarudi nyumbani akisema miti inayoanguka inamkosesha usingizi, na tangu hapo akawa mtu wa nyuki kama baba yake. Hakuwa mnywaji na hakuwa msemaji. Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu koti lake lilinuka moshi na hakutaka kuwaudhi watu. Mkewe, Eufrazia, alizoea kusema kwamba katika miaka ishirini na tisa ya ndoa alimsikia akipandisha sauti mara mbili, na mara zote mbili alikuwa akimpigia kelele mbuzi.

Jambo moja lilimpa heshima kuliko wengine. Melkiadi ndiye aliyetangaza siku ya kuchoma. Warina asali wa Kabungu walikuwa na desturi ya kuchoma nyasi kuzunguka miti ya mizinga mapema, zikiwa bado na unyevu kidogo, ili moto wa mwisho wa kiangazi, ule mkali, ukija usikute chakula. Baba yake Melkiadi ndiye aliyeifunga desturi hiyo na sikukuu ya Petro na Paulo, tarehe 29 Juni. Baada ya misa watu walikwenda porini na mienge ya magome, wakachoma, wakarudi kula. Baba alipofariki, Melkiadi akairithi siku ile kama wengine wanavyorithi shamba.

Wakavuka kijito mahali pakavu, Melkiadi mbele. Hewa ilikuwa nzito, yenye ladha ya majivu. Malale alikohoa.

"Moshi wenu huu utatuua," alisema, apate la kusema tu.

"Wetu? Sema moshi wa nani," alijibu Melkiadi. Alisimama, akainua pua kama mbwa. "Unafikiri huu ni moshi mmoja? Ni kama sokoni, kila mtu kaleta chake. Vuta pumzi. Kuna kikali kinachokuna koo. Hicho ni cha mabiwi, watu wamefyeka mashamba mapya, wamekusanya matawi na kuyachoma, na matawi hayajakauka vizuri. Sasa nyuma yake kuna kizito, kama chumba kilichofungwa. Tanuri la mkaa. Lipo upande ule, halizidi mwendo wa nusu saa. Kuna na chako."

"Changu?"

"Samadi unayochoma zizini kufukuza mbung'o. Kila asubuhi na jioni. Yule mrina mwenzangu, Cletus, anasema aliona moshi bomani kwako Jumamosi alfajiri, na huo ndio ushahidi wake. Angekuja siku yoyote angeuona."

Malale alisogea karibu naye. "Na tumbaku je? Watu wanasema mabani ya kukaushia tumbaku ndiyo yanayotia giza."

"Yanatia, lakini kwa zamu yake. Mabani yanawaka kuanzia Februari hadi Mei, na moshi wake una utamu, kama mtu anakaanga kitu. Miti mingi inaisha humo, hilo ni kweli. Ila la leo usiwasingizie watu wa tumbaku." Akanyoosha mkono juu, mahali jua lilipokuwa limening'inia. "Ule wa juu kabisa, ule wa kahawia, hauna harufu. Umeuona? Umetoka mbali. Huko kusini na ng'ambo ya ziwa watu nao wana mashamba, nao wana pori, nao wanachoma. Miezi hii nchi nzima inafuka. Hakuna mvua ya kuosha mpaka Novemba. Kukipoa usiku moshi wote unatulia mabondeni, asubuhi unauona umelala kama shuka. Watu wakiamka wanamtafuta wa kumpiga."

Yalikuwa maneno mengi kuliko Malale alivyowahi kusikia kutoka kwake kwa mwaka mzima. Alitaka kuuliza zaidi, lakini walikuwa wamefika ukingoni mwa mbuga. Pale mbele, wazi kabisa, palikuwa na kile kipande alichokichoma Julai.

Melkiadi alikitazama. Akachuchumaa. Akashika nyasi changa zilizoota humo, ndefu kama kiganja, kijani mbichi katikati ya nchi iliyokauka.

"Hapa palichomwa," alisema.

Malale angeweza kunyamaza. "Nilichoma mimi," alisema. "Mwezi wa saba. Jioni. Nilikaa hapa mpaka ulipozima, mzee, naapa kwa baba yangu. Lakini sijui. Toka juzi najiuliza. Sijui."

Melkiadi hakumtazama. Alitembea kandokando ya kipande kile taratibu, akikizunguka chote, akisukuma nyasi kwa mpini wa shoka. Malale alihisi kama anasubiri mganga amalize kumpapasa mgonjwa wake.

"Moto wako ulifika kwenye tope hili ukafa," alisema Melkiadi mwishowe. "Nyasi hizi zina miezi miwili. Na tazama hapa pembeni. Nyasi kavu za mwaka jana zimesimama zote, hazijaguswa, upana wa hatua arobaini. Moto wa Jumamosi ulipita kule juu, haukutokea huku." Akasimama, akajinyoosha mgongo. "Ila ulifanya vibaya kutosema."

"Ningesema nani angenisikia?"

"Hilo nalo kweli," alisema Melkiadi, wakaendelea.

Ndani ya pori lililoungua hapakuwa na ndege hata mmoja. Kila walipokanyaga, majivu yaliruka na kutua juu ya viatu. Huku na kule juu ya miti ilining'inia mizinga, au vilivyokuwa mizinga, vigogo vyeusi vilivyopasuka, na chini yake nta ilikuwa imemwagika ikaganda na majivu. Melkiadi alipita chini ya kadhaa ya kwake bila kuinua kichwa. Alikuwa akitazama mashina ya miti.

"Njoo uone," alisema. "Mwaka kesho moto ukiwaka utaulizwa wewe. Moto wenye upepo ukikutana na mti, unaupita pande mbili, halafu unakutana mgongoni mwake na kupanda juu. Kwa hiyo upande wenye masizi marefu ndiko moto ulikokwenda. Upande wenye masizi mafupi ndiko ulikotoka. Huu hapa, mafupi yako wapi?"

Malale aliuzunguka mti. "Huku. Mashariki."

"Basi tunakwenda mashariki. Na ukiona majani yaliyobabuka yakabaki mtini, ncha zake zimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Ndiko upepo ulikokuwa unaelekea. Mti unaweza kukudanganya peke yake. Uliza miti kumi."

Wakauliza miti kumi, ishirini, arobaini. Malale alianza kuwa mwepesi kuliko mwalimu wake, akikimbilia mbele na kuita, "Huku! Mafupi huku!" Boma lake lilikuwa kusini, na kila mti ulimsogeza mbali nalo. Alipata hata hamu ya kuimba. Lile eneo lililoungua likaanza kuwa jembamba, kama faneli, na masizi kwenye miti yakawa ya chini, yakawa ya kimo cha goti, ishara kwamba moto ulipokuwa huku ulikuwa bado mchanga.

Ndipo alipotambua kwamba Melkiadi ameacha kusema. Aligeuka. Mzee alikuwa amesimama nyuma, mkono mmoja umeshika mti, akitazama mbele.

"Mbona umenyamaza, mzee? Umechoka?"

Melkiadi alimpita, akatembea kama hatua sitini, akasimama mbele ya mti mkubwa wa mtundu ulioanguka. Mti huo ulikuwa na pango ndani, na pango lote lilikuwa limegeuka mkaa. Sehemu ya shina iliyobaki ardhini ilikuwa bado inafuka moshi mwembamba. Gogo lenyewe lilikuwa limeangukia upande wa magharibi, likavuka mpaka wa sehemu nyingine iliyoungua kabla, yenye majivu ya zamani yaliyokwisha pauka, na ncha yake ikalala katikati ya nyasi ndefu. Au palipokuwa na nyasi ndefu. Kila mti kuanzia pale ulikuwa na masizi mafupi upande unaolitazama gogo lile.

Malale alielewa kwamba wamefika. Alichokuwa hajaelewa ni kwa nini Melkiadi amekaa chini, majivuni, na koti lake.

"Majivu haya yaliyopauka," Melkiadi alisema, "ni ya tarehe tatu. Alhamisi. Niliyachoma mimi."

Kisha akaeleza, kwa sauti ile ile ya chini. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekataa kwisha, nyasi zikapita kichwa cha mtu. Siku ya Petro na Paulo walikwenda porini kama kawaida, wakasogeza mienge, na nyasi zikafuka tu na kuzima, maana zilikuwa bado mbichi kabisa. Watu wakarudi kula, wakasema tumeshachoma. Yeye mwenyewe alijua hawajachoma. Angewaita tena baada ya mwezi, lakini siku ilikuwa ni ile, baba yake hakuwahi kuita mara mbili, akaona haya. Agosti ilipokwisha, alikuja peke yake kusafisha chini ya miti yake. Alichoma kwa mstari, dhidi ya upepo, akazima kwa matawi, akazunguka mara mbili. Hakuchungulia ndani ya pango la mtundu.

"Moto umekaa humo siku tisa ukila taratibu," alisema. "Jumamosi upepo ulivyokuja, mti ukaanguka nje ya mstari wangu. Basi."

Malale aliketi naye.

"Tumeona wawili tu," alisema Malale.

"Ndiyo."

"Tunaweza kusema ni radi."

Melkiadi aligeuka akamkazia macho, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. "Radi ya Septemba! Malale, nyie Wasukuma mnajua ng'ombe, lakini uongo hamjajifunza." Akajifuta macho kwa mkono wenye masizi, akaacha mstari mweusi hadi sikioni. "Leta mikono. Tuufukie huu kabla hatujauacha tena."

Walichimba kwa shoka na mikono, wakaufunika ule moshi mwembamba kwa udongo hadi ukakoma.

Jumatano saa nne uwanja wa ofisi ya kijiji ulijaa. Malale alisimama pembeni na Doto. Vyombo vyao vilikuwa bado vimefungwa, maana Malale alikuwa amemweleza mkewe yote, na Doto alikuwa amejibu kwamba maneno ya porini ni ya porini, yeye angengoja asikie yatakavyosemwa mbele ya watu.

Cletus alianza. Alikuwa na mizinga kumi na tisa iliyoungua na mdomo usiohitaji spika. "Mwenyekiti, mimi sina mengi. Tangu hawa watu waje na ng'ombe wao, jua hatulioni! Mtoto akizaliwa mwezi huu anafikiri jua ni nyanya. Jumamosi alfajiri nimeona moshi kwa Malale kwa macho yangu haya mawili. Aende! Kama anapenda moshi, akakae jikoni kwa mama yake!"

Watu walicheka na kupiga makofi. Evarist aligonga meza. "Malale, una la kusema?"

"Namwachia mzee Lyamba," alisema Malale. Alikuwa hajui kama mtu aliyecheka pale majivuni ndiye atakayesimama hapa. Siku mbili ni nyingi. Mtu ana mke, ana jina.

Melkiadi alisimama, akavua kofia. "Moto ni wangu," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Akarudia. Akaeleza mti, tarehe tatu, pango, siku tisa. Hakuongeza wala hakupunguza. Alisema na juu ya mbuga ya Malale, kwamba ilichomwa Julai, ikafa kwenye tope, na kwamba samadi ya zizini huwaka kila siku.

Kisha Cletus akalipuka. "Amehongwa! Jamani, mzee wetu amepewa dume! Mtu mwenye mizinga ishirini na mitatu majivu, anamtetea aliyemchomea? Melkiadi, dume lina rangi gani?"

Kelele zikapanda. Malale alijiona akirudi njia ya vumbi. Hilo hakulifikiria kabisa, kwamba mtu anaweza kusema kosa lake na akakataliwa. Walikuwa wanamheshimu Melkiadi kiasi kwamba hawakutaka liwe lake. Kumfukuza mgeni kulikuwa rahisi zaidi.

Melkiadi alingoja. Hakupandisha sauti. Aliwangoja kama mtu anayengoja nyuki watulie. "Cletus," alisema hatimaye, "wewe umejifunza kusoma mti kwa baba yangu, tulikaa pamoja. Siyo? Basi usiniamini mimi. Chagua watu watatu. Anzeni kwenye mzinga wako wowote ulioungua, rudini nyuma mti kwa mti. Mimi nitakaa hapa na Malale, msije mkasema nimewaongoza. Mkifika bomani kwake, leo hii anahama, na mimi nitamsaidia kuswaga. Mkifika kwangu, ni kwangu."

Evarist alikubali. Cletus akachukua watatu, wakaondoka kwa hatua za hasira. Waliobaki walikaa vivulini vya nyumba. Eufrazia alileta maji, akampa mumewe, akampa Malale, halafu akaenda kukaa karibu na Doto. Doto alimpisha kwenye mkeka.

"Umemwambia mama Eufrazia lini?" Malale alimuuliza Melkiadi kwa sauti ndogo.

"Juzi ile ile. Alisema nile kwanza."

Zilipita saa tatu. Watu hawakuondoka. Saa nane waliwaona wale wanne wakirudi, weusi hadi magotini. Cletus alikuwa wa mwisho, na hatua zake hazikuwa zile alizoondoka nazo. Alikuja moja kwa moja hadi alipokaa Melkiadi.

"Mtundu," alisema.

"Ndiyo."

"Wenye pango. Ule tuliokuwa tunafichia mienge tukiwa watoto."

"Ule ule."

Cletus alikaa chini. "Nimeanzia mzinga wa kwanza, nikaona sivyo, nikaanzia mwingine. Nimeanzia mitatu. Yote inakwenda kule." Akatikisa kichwa. "Na sisi wote tulikuwepo siku ya Petro na Paulo. Nyasi zilikuwa mbichi kama mchicha. Niliona. Nikaenda kula wali."

"Nyasi hazikusoma kalenda ya padri," alisema mtu kutoka nyuma, na safari hii kicheko kilikuwa cha aina nyingine.

Evarist alitaka kufunga mkutano, lakini Melkiadi alisimama tena. Alisema mambo mawili. La kwanza, desturi ya warina asali wanaijua wote: ambaye moto wake umeunguza mzinga wa mwenzake anachonga mwingine na kuupandisha mtini kwa mkono wake, mzinga kwa mzinga. Mizinga ya wenzake ilikuwa arobaini na minane. Angechonga arobaini na minane. La pili, siku ya kuchoma asiitangaze yeye tena.

"Atangaze nani sasa?" aliuliza Evarist.

"Mtu wa kwenda kushika nyasi kila Jumapili kuanzia Mei, aone zimefikia wapi. Ziwe bado na kijani chini na kavu juu. Siku hiyo ndiyo iwe siku. Hata ikiwa si sikukuu ya mtakatifu yeyote." Akamwonyesha Malale kwa kidole. "Huyu anashika nyasi kila siku, ndiyo kazi yake. Na kusoma miti amejifunza asubuhi moja."

Watu walimtazama Malale, naye akatazama viatu vyake. Mtu alisema Msukuma kuwatangazia Wakonongo siku ya kuchoma, dunia imekwisha. Mwingine akasema haijaisha, imejaa moshi tu. Jambo hilo halikuamuliwa siku ile. Lakini lile la kuhama halikutajwa tena, na Cletus alipopita karibu na Malale akienda nyumbani alisimama kidogo, akakohoa, akasema, "Lile la mama yako na jiko, bwana, lilikuwa neno la mkutano." Malale akamjibu kwamba mama yake alikwisha fariki, kwa hiyo hakulisikia, na Cletus akamshika mkono kwa mikono miwili.

Jioni ile Doto alifungua vyombo.

Alhamisi tarehe 17 ilipambazuka na moshi uleule, umelala bondeni, jua halijaonekana. Malale alikuwa akiwatoa ng'ombe aliposikia shoka likipiga upande wa kwa Cletus. Aliwapeleka kwa njia ya kule. Alimkuta Melkiadi amevua koti na kulitundika kwenye kitawi, jasho linamtoka, akikata mninga mmoja uliokufa kwa moto wa Jumamosi, ambao Cletus mwenyewe alikuwa ameuchagua. Cletus alikuwa amekaa juu ya jiwe na bakuli la uji, akimwambia kwamba anaukata upande usiofaa. Mti ulipoanguka Melkiadi aliupima kwa mpini wa shoka, akauwekea alama ya kwanza, akakata gogo, akalipasua katikati, akapiga magoti, akaanza kulichimba ndani.